Mkimbizi akikataa alama za vidole kwa sababu ya imani, arudishwe kwao?

Wakuu, juzi kijiweni jamaa alitoa kauli, watu wakapiga makofi: "Umekuja kuomba hifadhi kwangu, fuata masharti yangu. Hutaki, rudi ulikotoka." Najua wengi mko upande wake. Mimi nampinga, na kisa changu ni cha waumini wa Zebiya.

Kwa ambao hawakukifuatilia: Eusébie Ngendakumana, maarufu kama Zebiya, ni mwanamke wa Burundi aliyesema anatokewa na Bikira Maria kule Businde, mkoani Kayanza. Kanisa Katoliki halikumtambua, ila watu walimiminika huko kusali. Machi 2013 polisi wakawamiminia risasi, baadhi wakafa palepale. Wafuasi wake wakakimbilia Kongo, wengi wakaishia Kamanyola, Kivu Kusini. Septemba 2017 wanajeshi wa Kongo nao wakawapiga risasi, wakafa zaidi ya 30. Machi 2018, wakiwa kama 2,500, wakavuka kuingia Rwanda. Huko wakakataa vitu viwili: mashine ya alama za vidole, na chanjo. Haukupita muda, zaidi ya 1,500 wakawa wamesharudi Burundi. Kulekule.

Sasa hilo neno masharti. Ni kweli, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 2, unamtaka mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea. Lakini ibara ya 33 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya dini yake, na wasiolindwa nayo ni wale walio tishio kwa usalama wa nchi au waliotiwa hatiani kwa kosa kubwa mno. Kugoma kuweka kidole kwenye kioo hakumo.

Mwaka 2019 nilimpeleka mama mkubwa kusajili laini ya simu. Wakala, chini ya mwavuli wake, akamfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakikandamiza. Mashine ikagoma. Cha shahada, ikagoma. Jembe limeshafuta mistari yote! Tukarudi nyumbani bila laini, yeye akicheka njia nzima. Hakuna aliyesema huyu mama si raia. Mashine ni ya kurahisisha kazi tu. Warundi waliokuja kwetu Tanzania mwaka 1972, waliokaa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hawakupitia mashine hiyo, na bado walipokelewa. Mwenye imani yake akikataa kidole, mpige picha, andika jina, kijiji na majina ya wazazi. Itachukua muda, sawa.

Na msiniambie kidole ni kitu kidogo. Malawi ya Rais Banda, Mashahidi wa Yehova walikataa kununua kadi ya chama tawala. Kadi tu! Walipigwa, nyumba zikachomwa, mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia, na mwaka huohuo wakarudishwa. Mateso yakaanza upya, wengi wakakimbia tena, safari hii Msumbiji. Kikaratasi kile kwako ni kidogo, kwake ndiyo imani yenyewe. Hata mtaani kwetu wapo wanaosoma Ufunuo 13 na kuogopa kila chenye alama na namba.

Kwenye chanjo nakiri nasita. Kambini watu wanalala wamebanana, na surua haiulizi mtu anasali wapi. Anayekataa kidole hamuumizi jirani. Anayekataa chanjo anaweza kumwua mtoto wa jirani. Hapo nakubali watengewe eneo lao, hata kwa lazima. Kuwarudisha, hapana.

Kuna watakaosema hawakufukuzwa, walichagua wenyewe kurudi. Hebu tuwe wakweli: mtu aliyepigwa risasi Businde, akapigwa tena Kamanyola, unamwekea mezani mashine upande mmoja na basi la kurudi Burundi upande wa pili, kisha unasema amechagua?

Wa "masharti ni masharti" mnakaribishwa, ila njooni na ibara, si kelele. Na kama humu kuna aliyefanya kazi ya afya kwenye kambi za Nyarugusu au Nduta, atueleze: mkimbizi akikataa sindano kambini, mlikuwa mnamfanyaje?