Ekzosi ya kusimama nyuma ya kichwa cha Unimog: bomba lishikwe wapi?

Mwenye Unimog aliuliza:

Habari zenu wakuu. Ninafufua Unimog U1300L yenye injini ya OM352, yaani dizeli ya silinda 6 na lita 5.7, isiyo na turbo. Ekzosi iliyokuwa ikipita chini imeoza, na kwa kuwa lori hili huvuka mito na kupita kwenye nyasi ndefu zilizokauka, nimeamua bomba jipya lipande wima nyuma ya kichwa hadi juu ya paa. Fundi wangu wa kuchomelea anapendekeza bomba la milimita 63, nadhani kwa sababu ndilo alilo nalo, na anataka kulishika kwa breketi mbili: ya chini kwenye chesisi na ya juu kwenye ukuta wa nyuma wa kichwa. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja ya kumpinga. Naomba ushauri kuhusu kipenyo, mahali pa kulishika, na namna ya kuzuia mvua.

Fundi Chuma alijibu:

Ndugu, breketi hiyo ya juu itakusumbua kuliko kipenyo. Chesisi ya Unimog imeundwa makusudi ijipinde gurudumu moja linapopanda jiwe, na kichwa kimeketishwa juu ya raba zake ili kisivutwe na msokoto huo. Kwa hiyo ukilifunga bomba kwenye vyote viwili, umelipa kazi ya kushikanisha vitu ambavyo watengenezaji walivitenganisha, na kazi hiyo haliiwezi. Niliwahi kuletewa lori lililofungwa hivyo. Kwa mbali bomba lilipendeza, lakini kando ya weldi ya breketi ya juu palikuwa na mstari wa masizi mwembamba kama unywele, na nilipolisukuma kwa kiganja, mstari ule ukaachama hata ukucha ukaingia.

Tengeneza mhimili wa chuma unaosimama juu ya chesisi, uufunge kwa bolti kwenye matundu yaliyopo badala ya kuchomelea kingo za chesisi, na bomba lishikwe na mhimili huo peke yake. Breketi ya chini ilibane. Ya juu ilizuie lisiyumbe lakini iliachie lipande na kushuka, kwa sababu bomba la chuma cha kawaida la mita 2, joto lake likipanda nyuzi 400, hurefuka kwa karibu milimita 10. Kati ya manifoldi (kipande kinachokusanya moshi kutoka silinda zote) na breketi ya kwanza weka kipande nyumbufu kilichosukwa kwa nyaya, maana injini nayo hutikisika juu ya raba zake. Kipande hicho hustahimili kupinda, si kusokotwa, basi usikikaze kikiwa kimejinyonga.

Sailensa ibaki chini. Bomba tupu la milimita 76 lenye unene wa milimita 1.5 halifiki kilo 6 kwa mita 2, lakini ukilipandishia na sailensa, mhimili utabeba mzigo unaoruka kwa kila shimo.

Mzee wa Dizeli alijibu:

Naafiki aliyosema fundi, nami niongeze la kipenyo. Injini ya mipigo minne hunyonya hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, hivyo OM352 ikifika mizunguko 2,800 kwa dakika hupitisha hewa isiyozidi lita 8,000 kila dakika, nayo hutoka ikiwa imetanuka zaidi ya maradufu kwa joto. Nafasi ya ndani ya bomba la 76 inaizidi ile ya 63 kwa karibu nusu. Lile la 63 halitaua injini iwapo kona ni chache na pana, lakini siku ukiweka turbo utalikata upya. Mimi ningeanza na 76. Usitarajie nguvu mpya hata hivyo, na anayekuahidi farasi 20 za ziada kwa kubadili bomba tu ana bomba la kuuza. Mwambie pia fundi asichomelee bomba la maji lililopakwa zinki, kwani moshi wake utampa homa usiku huohuo.

Kuhusu mvua, kifuniko cha bawaba hufanya kazi, ila injini ikinguruma polepole lori likiwa limesimama kitakugongea kelele mpaka ukichukie, na matawi hukipinda. Napendelea mdomo uliokatwa mshazari na kuelekezwa nyuma, pamoja na tundu la milimita 5 mahali pa chini kabisa ili maji yatoke. Mdomo uvuke paa kwa sentimita 30 hivi, kwa sababu hewa iliyo nyuma ya kichwa huzunguka na kurudisha moshi kwenye madirisha, na uwe mbali na bomba la kunyonya hewa, la sivyo chujio litajaa masizi.

Mwenye Unimog alijibu:

Nawashukuru sana. Nimepima: kati ya kichwa na bodi kuna milimita 140. Nikiweka la 76 katikati, zinabaki 32 kila upande. Je, zinatosha kwa bomba na bati la kukinga joto?

Fundi Chuma alijibu:

Kwa kipimo cha lori lililosimama sawasawa zinatosha, maadamu upande wa bodi hakuna turubai wala mpira wa breki. Lakini bodi na kichwa hulala kila kimoja upande wake chesisi inapojipinda. Kabla ya kukata chochote, pandisha gurudumu la mbele la kulia na la nyuma la kushoto juu ya magogo, kisha upime tena kwenye kona ile ambako bomba litasimama. Nafasi hiyo iliyobanwa ndiyo utakayompa fundi wako.