Mrejesho: Bunduki ya M1 Garand iliyokuwa ikitawanya risasi
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini M1 Garand yangu ya zamani (bunduki ya Kimarekani inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi ya risasi) hutawanya risasi kwenye shabaha ya yadi 100 na kurusha maganda mbali mno, na nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu. Nilifunga kizibo cha gesi kinachorekebishika, yaani kinachoachia nje sehemu ya gesi hiyo, nikaanza kikiwa wazi kabisa, kisha nikakikaza kidogo kidogo mpaka bunduki ikamaliza risasi zote 8 bila kukwama. Mshtuko ulipungua sana, lakini mtawanyiko ulipungua kidogo tu. Kilichosaidia hasa ni kuibana silinda ya gesi (bomba la mbele linalopokea gesi hiyo), iliyokuwa imelegea kwenye mtutu: matundu yaliyotapakaa inchi 5 sasa hukusanyika ndani ya inchi 3. Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, bado huenda pembeni.