Chapa zinazohusu kifo zenye nambari: thamani yake hupimwaje?

Mkazi wa Ntinda aliuliza:

Ndugu zangu, mwaka jana nilinunua hapa Kampala chapa ya mbao (picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa) yenye rangi nyingi, inayoonyesha wanawake watatu wakimvisha marehemu lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti; chini yake pameandikwa 14/50 kwa penseli, pamoja na sahihi. Baadaye nikaongeza chapa ya fuvu jeusi, 3/200, ambayo muuzaji aliitoza zaidi kwa hoja kwamba nambari yake ni ndogo na kwamba mafuvu yanatafutwa sana ng'ambo. Mke wangu anasema nimeleta matanga sebuleni. Nataka kuendelea kukusanya kazi zinazohusu kifo, ila naomba kujua: ni kipi hasa kinachoipa chapa thamani?

Mchongaji alijibu:

Mzee, hoja ya nambari ndogo haina uzito hapo. Sehemu ya kwanza huitambulisha nakala yako, ya pili hutaja ukubwa wa toleo, na mara nyingi nakala hazipewi nambari kwa mfuatano zilivyochapwa. Nambari za mwanzo huweza kuwa na maana kwenye bamba lililokwaruzwa kwa sindano kavu, kwa kuwa kingo zake laini huchakaa haraka chini ya mashine na mistari hupoteza ule weusi wake wa mahameli.

Lenye uzito ni kama toleo kweli lina ukomo. Kuna mbinu ambayo hapa Uganda msanii Fred Mutebi anajulikana nayo: msanii huchapa rangi ya kwanza, huchonga tena ubao uleule, huchapa ya pili juu yake, na kuendelea hivyo hadi ubao unapobaki na kipande kidogo tu kisichochongwa. Toleo la namna hiyo haliwezi kurudiwa hata msanii mwenyewe akitaka. Kama chapa yako ya lubugo imetengenezwa hivyo, 50 ni 50 kweli. Kwa fuvu, chukua kioo cha kukuzia, cha sonara kinafaa, utazame wino.

Mkazi wa Ntinda:

Nimetazama. Kile nilichodhani ni weusi mtupu ni vinukta vidogo vya buluu, waridi, njano na nyeusi. Kwenye lubugo hakuna nukta hata moja, na nikiipindua karatasi kwenye mwanga wa dirishani naona sehemu za ubao zilizoinuka zimejikandamiza hadi nyuma.

Mchongaji:

Basi fuvu lako ni picha iliyotolewa kwa mashine, ikatiwa nambari. Si lazima iwe haramu, lakini ulilipa bei ya chapa ya mkono.

Mkusanyaji wa Entebbe alijibu:

Naongeza upande wa soko. Ni kweli mafuvu yana wanunuzi, ila wengi wao hufuata jina na kumbukumbu za minada. Msanii wa Marekani Andy Warhol alichapa mfululizo wake wa mafuvu mwaka 1976, na Mwingereza Damien Hirst, baada ya lile fuvu lake lililopambwa kwa almasi 8,601 la mwaka 2007, alitoa chapa zake pia; fuvu la msanii asiye na rekodi ya mauzo haliwezi kuazima bei zao. Hata uhaba wenyewe hautoshi. José Guadalupe Posada wa Meksiko, aliyefariki maskini mwaka 1913, alichapa mafuvu yake kwenye karatasi duni za kuuzwa mitaani bila nambari yoyote, na leo zile zilizochapwa akiwa hai ndizo zinazogombewa, huku zilizorudiwa baadaye kwa mabamba yaleyale zikiwa za bei ya chini.

Kwa hiyo kabla ya kununua tena, dai stakabadhi yenye jina la msanii, mbinu, mwaka, ukubwa wa toleo na idadi ya nakala za msanii, ambazo huwa nje ya hesabu ya 50. Msanii akiwa hai, na wetu wengi wako hai, mpigie simu umuulize mwenyewe; ni nafasi ambayo mwenye chapa ya Posada hana.

La mwisho ni fremu, ambapo fedha nyingi hupotelea kimyakimya. Mafundi wetu wengi huweka kadibodi ya kawaida nyuma na kubana karatasi kwa selotepu. Baada ya miaka michache ya unyevu wa huku ziwani, madoa ya kahawia hutokeza. Omba karatasi na kadibodi zisizo na asidi, chapa isigusane na kioo, na usiitundike mkabala na jua. Ukiifungua ile ya lubugo, ipige picha mbele na nyuma kwanza, na ukikuta selotepu usiivute.

Mkazi wa Ntinda:

Nimeifungua jioni hii. Selotepu ipo, pembe mbili za juu. Sijaigusa.