Tupeane uzoefu: kwenda likizo na mtoto au mzazi mwenye ulemavu, Nakuru hadi Kisumu

Mama_Bondeni: Shule zinafungwa na watoto washaanza kuniuliza tunaenda wapi. Mkubwa yuko na usonji, mdogo hana shida ila utundu. Wenye mmewahi kusafiri na familia kama hii huku kwetu leteni stori, mlipanda gari gani, mlilala wapi, choo kilikuwaje. Msiniletee za Mombasa, pesa haiko.

Kijana_wa_Kondele: Njoo Kisumu mama, Impala Sanctuary iko hapa tu kando ya ziwa, ni ndogo mtoto hachoki, kivuli kiko. Enda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi ni mabasi ya shule na kelele hujawahi sikia. Na ulipe kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, ukiwa nyumbani, usianze kutafuta neti getini mtoto akiwa ashaona wanyama.

Baba_Wawili: +1 katikati ya wiki

Shangazi_Lanet: Hoteli usiwaulize kama kiti cha magurudumu kinaingia, wote husema kinaingia. Waambie wapige picha ya mlango wa bafu na futi ikiwa imewekwa hapo. Sisi tulipeleka mzee, kiti chake sentimita 64, mlango 60. Alioga kwa karai chumbani kama tuko ushago na bafu ya maji moto tumeilipia.

Mwalimu_Mstaafu: Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Tena kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Msikubali kunyanyaswa.

Kijana_wa_Kondele: Mwalimu hebu msomee makanga ibara ya 54 saa kumi na mbili jioni watu wakigombania gari 😂

Mama_Chai: Mmenikumbusha kitu nilikuwa nimezika. Tulitoka Nakuru kwenda harusi ya dadangu Kisumu, matatu imejaa, hatujafika Salgaa dereva akafungulia muziki, ile besi ya kutetemesha siti. Kijana wangu haongei, akaziba masikio akabandika paji la uso kwa kioo, na hapo mimi najua bado kidogo tu. Nikamwomba makanga apunguze, akapunguza kiasi cha kunidanganya. Kufika Mau Summit mtoto akalipuka, anapiga yowe, anajing'ata mkono, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, watu wanageuka, mama mmoja anasema siku hizi watoto hawachapwi. Kumbe nyuma kuna mhubiri. Akaja na Biblia yake akamwekea mtoto mkono kichwani, KICHWANI, mtoto ambaye hata kumnyoa ni vita, akaanza kukemea pepo kwa sauti kushinda huo muziki na watu wa nyuma wanaitikia amina. Mtoto akarusha kichwa, miwani ya mtumishi ikaanguka ikapasuka, gari nzima kimya. Hapo ndio dereva akazima muziki. Tulishukia Kericho. Mvua ya Kericho mnaijua, tukajibanza kwa kibanda cha mama wa chai, inapiga mabati hata hamsikizani, nikasema leo tumekwisha. Mtoto akakaa kwa benchi akainua uso anacheka na mabati. Hiyo kelele anaipenda! Tukamaliza safari na probox, nikalipia siti zote za nyuma, harusi tukaikuta kwa keki.

Shangazi_Lanet: Wueh. Miwani 😂😂 pole lakini

Mtumishi_Njoro: Huyo mhubiri alikuwa na nia njema, mbona mnamcheka mtu wa Mungu?

Mama_Chai: Nia njema angenishikia mkoba.

Mtumishi_Njoro: Na kwani lazima msafiri na matatu, mtoto akiwa hivyo si mkae tu nyumbani.

Shangazi_Lanet: Wewe ndio ukae nyumbani. Na simu uzime.

Baba_Wawili: Wangu ni kiziwi, huyo sasa anataka nganya, zile matatu za mapambo na muziki, yenye besi kubwa kabisa, anaegemea spika anasikia kwa mgongo. Gari kimya analala hadi Ahero akiamka amenuna.

Mama_Bondeni: Turudi kwa siti jameni. Nikae wapi?

Kijana_wa_Kondele: Mbele na dereva, gari ya kwanza ya asubuhi.

Mama_Chai: Mbele usijaribu, wengine spika ziko hapo kwa miguu.

Fundi_Free_Area: Duka la hadiwea kuna zile za masikio za watu wa kukata mawe, zinaziba kuliko hedifoni za bei. Mvalishe nyumbani kwanza azizoee, usimshtukize stejini.

Dada_wa_Majuu: Huku Uingereza kuna kamba ya shingo yenye maua ya alizeti, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick 2016, mfanyakazi akiiona anajua huyu ana ulemavu usioonekana.

Kijana_wa_Kondele: Hapa ukivaa alizeti stejini utaulizwa lita ya mafuta ni ngapi.

Shangazi_Lanet: Kama ni mzazi wa kiti, kodi gari mwingie mbuga ya Ziwa Nakuru, vifaru anawaona akiwa siti ya mbele, hashuki. Baboon Cliff mkisimama fungeni vioo, wale nyani wanajua mfuko wa ndizi.

Mama_Bondeni: Na hoteli ya Kisumu? Nilitaka chumba cha kuangalia ziwa.

Fundi_Free_Area: Chukua cha upande wa nyuma. Kuna usiku wadudu wa ziwa wanafuata taa hadi ukuta unageuka mweusi, wananguruma, wanaingia kwa pua. Mwenye hapendi kuguswa hatalala huyo.

Kijana_wa_Kondele: Uongo, zima tu taa ya veranda na ufunge dirisha kabla giza liingie.

Fundi_Free_Area: Na joto la Kisumu utalifungia wapi?