Naomba ushauri: stabilaiza nene ya nyuma kwa Legacy ya kila siku

Wakuu, nina Subaru Legacy B4 ya turbo, kila siku Muheza–Tanga kazini na kurudi. Naipenda sana, ila kwenye kona bodi inalala, na kipilefti nikikipita haraka pua inakimbilia nje. Ndiyo maana nawaza stabilaiza nene, kile chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia ili bodi isilale.

Jana fundi wangu wa Ngamiani kaiinua. Linki ya nyuma kushoto (kile kijiti kinachoshika ncha ya stabilaiza) bushi yake ya mpira imepasuka, ukiishika inacheza kama jino bovu. Shokapu bado nzima.

Nimepima unene wa stabilaiza ya nyuma: milimita 17. Nimepata ya 20. Milimita tatu zinaonekana kidogo, lakini kwa chuma kile kile ugumu unapanda karibu mara mbili. Hapo ndipo roho inasita, maana masika lami ikiloa sitaki mkia unichomoke, na njia yetu ina mashimo ya upande mmoja, ambayo stabilaiza ngumu huyapeleka hadi tairi la pili.

Fundi anataka tubadili mbele na nyuma pamoja. Mimi naona nyuma peke yake, tena baada ya linki na bushi mpya.

Aliyefunga nene kwenye gari ya kutembelea kila siku, mvua ilikuwaje? Na vishikizo vya stabilaiza kwenye bodi vilihimili?