Fundi kanibadilishia kabureta, kumbe waya mbili za plagi zimepishana!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Volkswagen Beetle ya 1972, ya marehemu baba. Niliipeleka gereji wabadilishe plagi na kupima tapeti, yaani uwazi wa valvu. Kazi ya asubuhi moja. Imelala huko siku 19.

Siku ya tatu fundi anapiga: "Bosi, inakohoa kwenye kabureta, halafu eksosi inalipua kama baruti. Kabureta imekufa." Nikatuma hela. Siku ya saba: "Bosi, ringi za pistoni zimekwisha, lete za injini ya cc 1300, kobe zote hizi za Volkswagen ni 1300." Na mimi boya nikanunua. Risiti ya duka imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Jamani, namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini ya kitako cha dainamo. Unafuta grisi kwa tambara, unasoma. Yangu inaanza na AD. Hiyo ni 1600, pistoni ya milimita 85.5. Ringi za 1300 ni za 77! Alitaka kuzivalisha nini, kidole?

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nikafungua plagi. Za kulia, silinda namba 1 na 2, kavu, safi. Za kushoto, 3 na 4, nyeusi na zimelowa petroli. Upande mzima umekufa kwa mpigo, na mtu anasingizia ringi? Nikafuata waya moja moja mpaka kwenye kofia ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi. Kazipanga 1-3-4-2, mpangilio wa Toyota zake. Silinda za Volkswagen hii zinachoma kwa zamu ya 1-4-3-2. Kwa hiyo namba 3 inapewa moto wakati valvu ya kuingiza haijafunga vizuri, ndiyo inatemea kwenye kabureta. Namba 4 inapewa moto wakati valvu ya eksosi inafunguka, ndiyo ile baruti. Nikapishanisha waya mbili, nikapiga stata. Ikatulia hapohapo, ile sauti yake ya cherehani. Fundi katazama pembeni, anachezea spana.

Tapeti nazo alipima injini ya moto. Injini hii ya kupozwa na upepo inapimwa ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Kesho yake alfajiri nikajaribu kupitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi: valvu mbili haipiti hata kidogo. Ningeendesha hivyo mwezi mmoja, valvu za eksosi zingeungua.

Nimelipa 350,000 za ufundi, ukiacha ringi. Nikaomba nirudishiwe kabureta yangu ya zamani. Eti ameitupa. Kabureta nzima, utupe? Hii aliyonifungia ni ya mtumba, haina hata chapa.

Yangu ni Solex 34 PICT-3, kwenye mfuniko ina mkwaruzo wa bisibisi aliouacha mzee mwenyewe. Kama kuna mdau ameuziwa hapa Dar wiki hizi, aje inbox. Nitamlipa alichotoa, simuulizi maswali.