Kadi ya picha inaonyesha asilimia 99 lakini gemu linakwama, naombeni msaada

Muuliza: Habari zenu wakuu. Nina laptopu ya gemu yenye kadi ya picha ya GeForce RTX 3060 ya GB 6, RAM GB 16, Windows 11. Zamani ilikuwa inanipa fremu (picha zinazopita kwenye skrini) 85 hadi 90 kwa sekunde kwenye gemu la mbio za magari ninalocheza na mdogo wangu. Siku hizi nikianza napata 80 na kitu, nusu saa haijaisha imeporomoka hadi 24, gari linarukaruka na kona nazikuta nimeshazipita. Draiva, ile programu ya kuendesha kadi, nimefuta na kuweka upya mara mbili. Ubora wa picha nimeushusha mpaka chini kabisa, wapi! Hii mashine niliidunduliza muda mrefu, na sasa naogopa kwamba kadi ndiyo inakufa. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa 1: Joto hilo mkuu. Kitu kikianza vizuri kisha kikachoka, ujue kimechemka. Fungua, toa vumbi, badilisha pasta ya kupitisha joto kwenye prosesa na kadi.

Mchangiaji wa 2: Tusimfungulishe mtu mashine kabla hajapima. Gemu likiwa limeshaanza kukwama, usilifunge. Nenda Task Manager ya Windows uangalie ni kadi ipi inayofanya kazi, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa au RTX. Kisha fungua dirisha la amri, andika nvidia-smi -l 2, namba za kadi zitajirudia kila baada ya sekunde 2. Tuletee joto, wati na asilimia ya matumizi.

Muuliza: Nimefanya. Inayofanya kazi ni RTX, asilimia 99. Joto nyuzi 58. Wati 31 kati ya 115. Fremu 24.

Mchangiaji wa 2: Hapo sasa tumepata pa kushika. Hiyo 99 isikutishe, inaeleza tu kwamba kadi haikupata muda wa kupumzika, haielezi imefanya kazi kiasi gani. Mtu mwenye njaa anaweza kushinda shambani bila kuweka jembe chini, na jioni ukahesabu matuta mawili. Tazama joto: kadi iliyozidiwa na joto ungeikuta kwenye nyuzi 80 na zaidi. Yako iko 58 huku gemu zito linaendelea. Imepoa kwa sababu inanyimwa umeme. Chaja ni ile iliyokuja na laptopu? Na ukicheza, betri inabaki 100 au inapungua?

Muuliza: Chaja ya mwanzo waya wake ulichubuka pale shingoni, karibu na pini, nikanunua nyingine. Inaingia vizuri na taa ya kuchaji inawaka, ndiyo maana sikuwahi kuifikiria. Kuhusu betri, nimerudi kucheza nikiitazama: nilianza na 100, ilipofika 40 fremu zikaanguka palepale. Chaja ilikuwa imechomekwa muda wote!

Mchangiaji wa 3: Geuza chaja zote mbili usome kibandiko, sehemu ya Output.

Muuliza: Ya zamani: 19.5V, 9.23A. Mpya: 19.5V, 4.62A.

Mchangiaji wa 3: Zidisha volti kwa ampea. Ya zamani ni wati 180, mpya ni wati 90. Kadi peke yake inaweza kula 115, prosesa weka 45, hapo ni 160 kabla hujagusa skrini, feni na diski. Chaja ya 90 haiwezi, kwa hiyo laptopu inachota pengo kwenye betri. Betri ikishuka kiasi fulani mashine inajilinda, inaibana kadi. Ndiyo maana unaanza na 80 kisha unaanguka, ukadhani ni joto. Tafuta chaja yenye volti zilezile 19.5 na ampea zisizopungua 9.23, pini ya aina ileile. Ampea zikizidi hakuna tatizo, laptopu inachukua inachohitaji tu. Volti usichezee kabisa. Na ile iliyochubuka usiifunge kwa selotepu ukaendelea nayo, nyaya zikigusana unaweza kuunguza zaidi ya chaja.

Mchangiaji wa 4: Kuna watu wanaingiza BIOS nyingine (programu ya msingi inayoiongoza kadi) kwenye kadi ili ipandishwe wati. Umejaribu?

Mchangiaji wa 2: Hapana, tafadhali asijaribu. Kadi haina kosa, na kazi hiyo ikiharibika katikati laptopu inaweza isiwake tena.

Mchangiaji wa 1: Nakubali, niliharakisha kusema bila namba. Mkuu, usifungue kitu kwanza.

Muuliza: Wakuu, narudi na majibu. Nimepata chaja ya wati 180. Saa nzima ya kucheza: wati 108, fremu 87, betri imesimama kwenye 100. Picha nimeirudisha kwenye ubora wa juu. Nimefurahi mno, nawashukuru sana. Ila joto sasa limepanda hadi 83, ni salama?

Mchangiaji wa 2: Hongera! Hiyo 83 ni ya kawaida kwa kadi inayokula wati 108, na laptopu nyingi huanza kuibana kadi joto likikaribia 87. Hujabaki na nafasi kubwa, kwa hiyo ushauri wa vumbi sasa ndio una maana. Inyanyue nyuma vidole viwili hivi ili feni zivute hewa, usiiweke kitandani. Zima, chomoa chaja, pulizia matundu ya hewa kwa vipindi vifupi. Feni ishikilie na kijiti cha meno isizunguke wakati unapulizia, ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Ukimaliza cheza nusu saa, ulete namba tena.

Muuliza: Nimepulizia leo asubuhi. Imetoka tope la vumbi kama sufi upande wa kushoto. Sasa ni 77.